Kwa nini gemu kubwa linakula mamilioni ya dola

Mkuu, umeuliza kwa nini gemu la PS5 linauzwa dola 70 na bado studio zinapunguza watu. Nachonga kwa kompyuta vitu vya 3D vinavyowekwa ndani ya magemu, kwa mkataba, niko Dar, wateja wangu wako Ulaya. Nakujibu kwa ninachokiona kazini.

Pesa nyingi inaishia kwenye mishahara. Chukua kabati la jikoni ambalo mchezaji atalipita mbio. Enzi za PS2 lilikuwa boksi tu, unalibandika picha ya mbao, umemaliza. Leo unalichonga kwanza kwa undani wote, mpaka mikwaruzo ya kitasa. Kisha unatengeneza toleo jepesi ambalo mashine italimudu, unahamishia ule undani juu yake, unalipaka rangi zinazoitikia mwanga, halafu matoleo mepesi zaidi ya kuonekana kwa mbali. Msimamizi analirudisha: kutu haijakaa sawa. Siku zinakatika, na droo bado haifunguki, maana hiyo ni kazi ya mtu mwingine. Sasa zidisha kwa maelfu ya vitu, kwa miaka kadhaa.

Nyaraka za kesi ya Microsoft huko Marekani mwaka 2023 zilionyesha gemu la The Last of Us Part II lilitumia kama dola milioni 220. Spider-Man 2, kwa nyaraka zilizovuja mwaka huohuo, kama milioni 300. Duka likichukua asilimia 30, kwenye dola 70 inabaki 49. Gawanya hiyo milioni 300 kwa 49: nakala zaidi ya milioni sita ndipo gharama irudi, na wengi husubiri bei ishuke.

Kwa hesabu hiyo, mwenye pesa anaona heri mwendelezo wa kilichokwisha kuuza. Linaloniuma ni la studio ya Tango Gameworks ya Tokyo. Gemu lao la Hi-Fi Rush, wazo jipya na si mwendelezo, lilisifiwa na kupata tuzo, na bado Mei 2024 Microsoft, iliyokuwa ikiimiliki, ikatangaza kuifunga studio, mpaka kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ikaja kuichukua.

Sisi wa mikataba tunakatwa kimyakimya. Gemu moja nililolifanyia kazi lilisitishwa katikati, na kwa masharti ya usiri siruhusiwi kuonyesha hata kiti kimoja nilichochonga humo ninapoomba kazi kwingine. Kazi ya miezi, na mbele ya mwajiri mpya ni kama sijafanya kitu.

Wachangiaji wengine hapa wametaja gemu la Clair Obscur: Expedition 33, kwamba watu kama 30 wa Montpellier, Ufaransa, wameweza kulitengeneza. Wameweza kweli, ingawa idadi hiyo haiwahesabu wahuishaji (wanaowapa wahusika mijongeo) wa Korea Kusini waliosaidia kwenye mapigano. Ninachowavulia kofia ni walivyojua kukata: mapigano ya zamu (kila upande unasubiri zamu yake kupiga), maeneo yenye njia chache, hakuna ramani kubwa ya kujaza makabati. Wakaliuza dola 50, na ndani ya miezi miwili nakala zikapita milioni tatu. Studio za ukubwa huo ndizo ninazozipelekea maombi sasa.