Vipele vya shambani: kabla hujanunua tyubu, niambie umegusa nini

Ukikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Uyole, Mbeya, kiangazi huhitaji kukisoma kwenye kalenda. Wanaanza kuingia watu wenye mikono imevimba, shingo nyekundu, wengine wanajikuna kabla hata ya salamu. "Dada, nipe dawa ya aleji." Hela iko mkononi, bodaboda inanguruma nje. Mimi nauliza mambo mawili kabla sijagusa rafu: umegusa nini, na kuwasha kumeanza baada ya muda gani? Kuna wanaokasirika. Wanaona nawachelewesha, na duka la jirani lipo.

Swali la pili ndilo linalonisaidia zaidi, kwa sababu wengi hawajui walichogusa. Mtu ameshinda shambani, amepita vichakani, amekata kuni, ataujuaje mmea mmoja kati ya yote hiyo? Lakini muda anaukumbuka. Na mimea inayodhuru ngozi haidhuru kwa njia moja. Mingine inakuchoma kwa vinyweleo, mingine inakuunguza kwa utomvu, mingine haina neno na mtu yeyote isipokuwa wewe ambaye mwili wako umeikataa. Dawa ya huyu si dawa ya yule.

Kama kuwasha kulianza palepale, hata dakika tano hazijafika, hesabu ni vinyweleo. Upupu ndio mfalme wao. Huku juu kwenye baridi hauna nguvu sana, lakini teremka Chimala, Usangu au Kyela utaukuta umetambaa kwenye vichaka, maganda yake yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu kama velveti. Mvua zikishakatika maganda yanakauka, upepo kidogo tu na manyoya yanapeperuka. Huna haja ya kuushika. Kupita chini yake kunatosha.

Alikuja kijana mmoja, dereva wa bodaboda, ambaye tayari alikuwa amemeza vidonge vya kila aina. Shingo yote ilikuwa na mikwaruzo ya kucha. "Dada, inapoa usiku, nikiingia kazini inarudi." Nilimwomba avue jaketi, nikaligeuza kola kwenye mwanga wa dirisha. Vinyweleo vilikuwa vimesimama kwenye mshono, vyembamba, vinang'aa. Alikuwa amebeba mzigo wa kuni wa mteja kutoka bondeni, jaketi likalaliwa na kuni. Kila asubuhi alikuwa anavaa ugonjwa wake upya. Hakununua chochote siku hiyo zaidi ya selotepu.

Selotepu, ndiyo. Upupu unaanza kutibiwa kwa kuuondoa, na kuuondoa si kuusugua. Ukisugua unavivunja vinyweleo na kuvizamisha zaidi. Simama, usijikune, vua nguo taratibu, na kama ni fulana inayopita kichwani ni heri uikate kuliko kuivutia usoni. Bandika selotepu au plasta pana kwenye ngozi, bandua, tupa, bandika nyingine. Kwa bibi yangu tulikuwa tunagandamiza donge la ugali uliopoa, linafanya kazi ileile ya kunata. Ukishabandua vya kutosha ndipo uoge kwa maji mengi na sabuni, bila dodoki. Nguo ziloweke na zifuliwe peke yake, na anayefua avae glavu.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalipendi: vidonge vya aleji haviusaidii sana upupu. Ndani ya vile vinyweleo kuna kimeng'enya kinachoamsha neva za kuwasha moja kwa moja, kwa njia tofauti na ile ambayo Piriton inaizuia. Kwa hiyo mtu anameza, anasinzia, anaendelea kujikuna usingizini. Maji baridi yanamsaidia kuliko kidonge. Na mwezi wa saba maji ya bomba ya Uyole hayahitaji barafu, wenyeji mnanielewa.

Ukipanda juu, kwenye misitu ya Uporoto na Mlima Rungwe, utakutana na ndugu mwingine, yale majani mapana yenye miiba midogo kama nywele ambayo yanachoma kama moto ukiyapitia na mguu mtupu. Haya yanatisha lakini kwa watu wengi yanapoa yenyewe baada ya saa kadhaa. Osha, bandua kwa selotepu, weka kitambaa cha maji baridi, subiri. Sina mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba suruali ndefu ni nafuu kuliko dawa.

Utomvu ni habari nyingine. Ukienda upande mkavu wa Iringa, kule Isimani, nyumba nyingi zimezungushiwa minyaa. Uzio mzuri, mbuzi haupiti wala hautafuni. Lakini kata tawi uone yale maziwa. Kwenye ngozi yanaunguza, saa chache baadaye panakuwa pekundu, wengine wanatoka malengelenge. Hapa mwendo ni kinyume cha upupu: usisubiri, kimbilia maji mara moja, sabuni ya mche, osha na urudie. Utomvu ukishakauka unang'ang'ania, na mkono uliokauka utomvu ndio huohuo unaojifuta jasho usoni.

Na jicho. Naomba hapa nisemwe kuwa narudia sana, sijali. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni maumivu yake ni makali, kioo cha jicho kinaweza kujeruhiwa na mtu akapoteza uwezo wa kuona, hata kama ni kwa muda. Nimeletewa watu walioshatiwa maziwa ya mama, maji ya sukari, hata mate. Acha. Chukua maji safi, mlaze mtu, fungua kope kwa vidole na umiminie taratibu kwa dakika kumi na tano mpaka ishirini bila kukatisha, kisha hospitali siku hiyohiyo. Duka la dawa lisikuuzie matone yoyote ya macho kwa tatizo hilo, kwa sababu baadhi ya matone yana dawa zinazoweza kuharibu zaidi jicho lenye jeraha. Anayekata uzio wa minyaa avae miwani, hata ile ya jua ya elfu tatu, asimame upepo unakotokea. Na matawi yake usiyachome moto karibu na nyumba, moshi nao unachoma macho.

Sasa kundi la tatu, ambalo ndilo linalonipa kazi zaidi kwa sababu haliji siku ya kugusa. Mtu anagusa Jumatatu, vipele vinatoka Jumatano. Huo ni mzio. Mwili umeukumbuka mmea na umeamua kupigana nao, na vita hiyo huchukua siku moja mpaka tatu kuanza. Ndiyo maana watu wanalaumu samaki aliyeliwa jana wakati mkosaji ni mmea wa juzi.

Mimi nimekulia kwenye pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, upande wa Umalila, kwa hiyo huu naujua kwa karibu. Ukitazama wanawake wanaochuma, wengi hawadhuriki kabisa. Lakini kila kijiji kina mmoja wawili ambao msimu wa kuchuma ukifika, ngozi kati ya vidole inapasuka, vipele vinapanda mpaka kwenye viwiko, kope zinavimba, na pua inatiririka. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Miaka yote aliambiwa ni jua, kisha ni sabuni, kisha ni mkono wa mtu. Msimu ukiisha anapona, msimu ukirudi anaugua. Kumbe kinachowasumbua watu kama yeye zaidi ni kemikali nyingine zilizomo ndani ya ua lenyewe, si ile sumu ya wadudu ambayo kiwanda kinaitafuta. Alichokifanya mwishowe ni kuacha kuchuma na kuanika, akabaki na kupalilia kabla maua hayajafungua. Wanaoshindwa kuacha, maana ndiyo ada ya shule hiyo, wavae mikono mirefu na glavu, wafunge kitambaa usoni, waoge na kubadili nguo kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto.

Embe nalo limo humu. Watu wa Kyela watanichukia, lakini ule utomvu unaoruka ukivunja kikonyo cha embe una ndugu wa kemikali inayopatikana kwenye mmea maarufu wa sumu wa Marekani, poison ivy, ule ambao ukitafuta vipele vya mimea kwenye intaneti unajaa ukurasa mzima. Mwembe, mkorosho na mmea huo ni ukoo mmoja. Mtoto anayetoka vipele kuzunguka midomo kila msimu wa maembe si lazima aache embe. Liosheni, limenyeni mbali na mdomo wake, mpeni nyama tu. Wengi hapo wanapona, ila akivimba midomo au koo palepale anapokula, hiyo ni aina nyingine ya mzio na asilionje tena kabla ya kuonana na daktari.

Tuje kwenye matibabu ya mzio wa ngozi. Kuosha kwanza, hata kama zimepita saa. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, robo saa, mara kadhaa kwa siku. Losheni ya kalamaini, ile ya waridi, inapoza na ni salama. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, safu nyembamba, mara mbili kwa siku kwa siku chache, wiki moja ikipita bila nafuu nenda kaonwe. Kidonge cha aleji kinasaidia hasa usiku ili mtu alale. Kama ni kile cha kusinziza, usiendeshe pikipiki.

Malengelenge usiyatumbue. Na ile imani kwamba maji yake yakidondokea ngozi nyingine yanasambaza, si kweli, wala mgonjwa hamwambukizi mtu kwa kulala naye kitanda kimoja. Vipele vinaonekana kusambaa kwa sababu sehemu iliyoguswa kidogo huchelewa kutoka kuliko iliyoguswa sana, au kwa sababu utomvu bado uko kwenye mpini wa jembe.

Ninachokikataa waziwazi ni zile tyubu za dawa tatu ndani ya moja. Zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, dawa ya fangasi na antibayotiki pamoja, na watu wanazipenda kwa sababu siku mbili tu ngozi inatulia. Zimejaa madukani. Ukipaka usoni kwa wiki nyingi ngozi inakuwa nyembamba, inatoka chunusi, inaacha mishipa myekundu. Na kama kile ulichodhani ni mmea kilikuwa fangasi, steroidi inakificha huku kinaendelea kutambaa. Wapo hata wanaozichanganya kwenye mkorogo, lakini hilo nikilianza leo halitaisha.

Ndimu pia. Sijui nani alianzisha, lakini karibu kila kipele ninacholetewa kimeshapakwa ndimu au limau. Juisi yake ikikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani, inaunguza, siku moja mbili baadaye unapata wekundu na lengelenge, kisha alama nyeusi zinazodumu wiki au miezi. Jua la nyanda za juu, hewa nyembamba, huwa halina huruma kwa jambo hili. Mafuta ya taa na dawa ya meno viwekeni kundi moja na ndimu. Mshubiri sina ugomvi nao, mradi utumie ule ute mweupe wa katikati peke yake, maana ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda nao unawasha. Maji ya moto yanaleta raha ya dakika tano, kisha kuwasha kunarudi na nduguze.

Si kila kinachotoka baada ya shamba ni mmea, hata hivyo. Mstari mwekundu unaouma kama umeunguzwa na pasi, ulioamka nao asubuhi wakati wa mvua, mara nyingi ni kale kadudu kembamba keusi na chungwa ulikokaponda shingoni usiku. Usikaponde, kapulize. Malengelenge yanayofuata mkanda upande mmoja wa mwili, na maumivu yaliyotangulia siku mbili tatu, ni mkanda wa jeshi, na huo unataka dawa yake mapema, ikiwezekana ndani ya siku tatu za mwanzo. Kuwasha usiku kati ya vidole kwa nyumba nzima ni ugonjwa wa upele, mtibiwe wote.

Hospitali nenda bila kuniuliza kama uso au sehemu za siri zimevimba, kama vipele vimechukua sehemu kubwa ya mwili, kama kuna usaha au homa, au mgonjwa ni mtoto mchanga. Akikosa pumzi, sauti ikibadilika, au ulimi ukivimba, hiyo si ya kusubiri asubuhi, tafuta gari sasa hivi. Kwa mzio mkubwa daktari anaweza kuandika vidonge vya steroidi kwa siku kadhaa. Vimeze mpaka siku aliyosema, kwa sababu ukiviacha mapema vipele vinaweza kurudi.

Na unapokwenda, beba ushahidi. Picha ya mmea kwenye simu inatosha, jani, ua na shina. Kama huna simu ya kupiga picha, funga kitawi kwenye gazeti, si kwenye kitambaa utakachojifutia, na umwambie muuguzi kilichomo kabla hajakifungua.