Stadi ya eksozi imekatika, na ekstrakta nayo imekatikia humo humo

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha bodaboda Morogoro, Boxer ya cc 150. Eksozi ilikuwa inavuja, fundi wa kijiweni akakaza nati, stadi moja (bolti isiyo na kichwa inayoshikilia eksozi) ikakatika sawasawa na uso wa silinda hedi. Akatoboa katikati, akaingiza ekstrakta (kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika), nayo ikakatikia ndani. Sasa kila biti inateleza tu. Anasema ninunue hedi nyingine. Ni kweli?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Ila mwambie aweke drili chini leo hii. Ekstrakta imetengenezwa kwa chuma kigumu sana, biti ya kawaida haikili. Akiendelea kusukuma, biti itakimbilia pembeni kwenye alumini, ambayo ni laini, na tundu litahama. Hapo ndipo hedi itakapokufa kweli.

Mimi ningempelekea welda, tena mwenye mashine ya waya ikiwezekana. Fungua hedi uipeleke peke yake. Kama ataichomelea kwenye pikipiki, chomoa kwanza betri na soketi ya CDI (kifaa cha umeme kinachoendesha cheche za plagi). Pima stadi ya upande wa pili. Ikiwa ni M6 (unene wa milimita 6), tafuta nati ya M8 isiyopakwa zinki, maana moshi wa zinki ni sumu. Iweke juu ya kisiki cha stadi, achomelee kupitia tundu la nati, aanzie chini kwenye kisiki akipanda. Usiogope hedi: chuma hakishikani na alumini, matone yatadondoka tu. Akimaliza, subiri wekundu uishe, gusisha nta ya mshumaa pembeni ya stadi inyonywe ndani, kisha tumia spana kidogo kidogo, kulia na kushoto. Nati ya kwanza ikibanduka, weka nyingine. Hata ya nne si aibu.

Stadi ikigoma, pasha moto hedi, si stadi. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegea. Nyuzi 150 hivi zinatosha: tone la maji linachemka na kupotea mara moja. Mwenye gesi awe mwangalifu sana, kwa sababu alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Unaiona nyeupe vilevile, ghafla inadondoka.

Ikishindikana kabisa, nenda karakana yenye mashine ya kutobolea ya kusimama, hedi ifungwe imara, watumie biti ya kabaidi. Biti hiyo inakata ekstrakta, lakini mkono ukitikisika inavunjika kama kioo. Kwa drili ya mkononi usijaribu.

Stadi ikitoka, angalia uzi (mikato ya skrubu ndani ya tundu). Kama ni kutu tu, pitisha tepu (kifaa cha kukatia uzi) ya M6 kwa mkono, mafuta ya taa yakiwa kilainishi: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Uzi ukiwa umeliwa, kuna njia mbili. Ya kwanza, ninayoipenda, ni springi ya uzi, yaani springi ya chuma inayokaa tunduni na kuwa uzi mpya: toboa kwa 6.3 mm, tumia tepu inayokuja na seti hiyo (tepu ya kawaida haifai), kisha zungusha springi mpaka izame robo au nusu mzunguko chini ya uso. Ya pili ni kupanua tundu kuwa M8: biti ya 6.8 mm, tepu ya M8, halafu mkerezaji akuchongee stadi yenye M8 chini na M6 juu. Inafanya kazi vizuri, mradi ukuta wa alumini kuzunguka tundu si mwembamba. Kabla ya kutoboa, weka alama kwenye biti kwa kuzungushia utepe wa karatasi wenye gundi, usipitilize kina cha zamani.

Safisha vumbi la chuma lote, hasa kwenye mlango wa vali ya eksozi. Stadi iingie kwa nati mbili zilizobanana, ikiwa na grisi ya shaba, na usiikaze kwa nguvu chini ya tundu.

Halafu nunua gasketi mpya ya eksozi. Kwa kadiri ninavyoona, ndiyo iliyokuwa inavuja tangu mwanzo, na gasketi iliyoungua haitibiwi kwa kukaza. Kaza nati zote mbili kwa zamu, kwa M6 Nm 10 hivi (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani spana fupi na mkono mmoja bila kuongeza bomba. Endesha siku moja, injini ikipoa zihakiki tena.