Ulozi na Damu Mchanganyiko: Kwa Wanaoanza Kubuni Ulimwengu

Wengi wanaojiunga na kikundi chetu cha uandishi hapa Mwanza huja na ulimwengu wa kubuni ulio na ramani na wafalme tayari, na ndani yake huwa kuna jamii ya machotara inayochukiwa kwa sababu ya ulozi. Nikiuliza chuki hiyo ilianzia wapi, hujibiwa kwamba damu yao ndivyo ilivyo. Nawaomba wasiendelee kabla ya kulitafakari jibu hilo upya, kwa sababu imani kwamba uovu hurithiwa imekwisha kuua watu katika kanda hii.

Katika vijiji vya Usukuma vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama inayotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, akichochea kuni, mabua ya pamba na, pale miti ilipokwisha, samadi kavu ya ng'ombe, atayatoa wapi macho meupe? Moshi wa umaskini ndio uliomtia alama, kisha alama hiyohiyo ikageuzwa ushahidi dhidi yake. Ukikifuatilia kisa chenyewe, si ajabu kukuta shamba la urithi linalogombewa, au msiba wa mtoto na mpiga ramli aliyelipwa ili ataje mtu.

Jifunzeni kujenga hadithi kwa mpangilio huo. Tuseme watu wa visiwani na watu wa milimani wamezaliana, na watoto wao wamenyimwa ardhi na mitumbwi, hivyo kazi iliyobaki kwao ni kuchemsha magome ya kutia nyavu rangi. Mikono yao huwa myeusi hadi viwikoni. Baada ya vizazi viwili sababu imesahauliwa, na kila mtu anajua tu kwamba mikono myeusi ni ya walozi, ingawa nyavu zao zinanunuliwa kila msimu. Mwonyesheni mama wa visiwani anayemsugua mwanawe mikono kwa mchanga na majivu kabla ya kumpeleka gulioni, na msomaji atauelewa ubaguzi huo bila kuhutubiwa.

Kuhusu uchawi wenyewe, msiugawe kwa rangi mbili, nyeupe ya wema na nyeusi ya uovu. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyohusishwa na waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha, na hadi leo mashindano yao hupimwa kwa wingi wa watazamaji wanaovutwa na kila upande. Dawa ya kuvuta umati ni ustadi ikiwa ya upande wako, na ikiwa ya wapinzani huanza kunong'onwa kuwa ni uchawi. Nguvu moja inayohukumiwa kwa kutazama nani anaishika ina uhai mwingi zaidi kuliko giza lisilo na mwenyewe.

Pia wekeni wateja. Watu wenye ualbino waliowindwa katika Kanda ya Ziwa waliwindwa kwa sababu kulikuwa na wenye fedha walioahidiwa utajiri na bahati. Bila mnunuzi, muuaji asingekuwa na kazi. Katika ulimwengu wenu, huyo mnunuzi anaweza kuwa ndiye anayewalaani machotara hadharani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sheria nayo isisahauliwe. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa wakati wa Waingereza, inamtia hatiani anayejidai kuwa na uchawi na vilevile anayemsingizia mwenzake uchawi. Baraza la wazee katika ufalme wenu wa kubuni lingefanya nini likipokea mashtaka ya namna hiyo, ilhali nusu ya wajumbe wana deni kwa mlalamikaji? Andikeni kikao hicho kabla ya kuandika vita, na mpeni mtuhumiwa nafasi ya kusema mwenyewe, kwa maneno yake, mbele ya majirani wanaomfahamu tangu utotoni.