Jibu: Th13teen usipande na simu (nimeandika kwa uchungu)

Futa hiyo sentensi yako ya mwisho. Umeuliza maswali matatu mazuri: foleni ya Th13teen, ile rolakosta (treni ya kutisha) ya bustani ya michezo ya Alton Towers huko Uingereza, mwezi wa kumi ikoje, mtoto wa miaka minane ataruhusiwa, na mama watoto atapandaje na buibui. Halafu mwisho kabisa ukatupia kama kitu kidogo: "simu nitaishika mkononi nirekodi, kuna jamaa wa huko kaniambia haina shida." Yakhe! Nimefika hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Shida iko. Muulize aliyepanda na simu akashuka na ganda la pipi.

Nalienda Oktoba 2022, mimi na mke wangu, tukafikia kwa mtoto wa ami yangu Leicester. Huyu bwana amekaa Uingereza miaka kumi na tatu na anajiona kama ndiye aliyewatandikia wazungu reli. Tangu tuko Mombasa alikuwa akinitumia sauti za WhatsApp za dakika sita sita. Ati hiyo Th13teen si mchezo, ati wanaopanda ni wa miaka 16 hadi 55 tu, ati unatia sahihi karatasi kwanza, na wauguzi wanasubiri chini. Mimi, mtu mzima mwenye duka la spea Mwembe Tayari, nikaenda kupimwa presha. Nikaomba na cheti. Nikakikunja ndani ya pasipoti.

Kumbe hayo yalikuwa maneno ya matangazo ya mwaka 2010, kabla hiyo rolakosta haijafunguliwa. Watu walikuwa wanapasha soko moto. Sharti lenyewe ni urefu, mita 1.2. Huyo mtoto wako msimamishe ukutani umpime leo. Akifika, anapanda. Asipofika, wewe nyamaza hadi mkafike penye kijiti cha kupimia, amkatae mzungu, usimkatae wewe.

Sasa ona akili ya mtoto wa ami. Jambo la uongo alinitisha nalo miezi miwili. Jambo la kweli, ambalo lina kibao chake pale mwanzo wa foleni, limeandikwa na kuchorwa juu yake kwa asiyejua kusoma, alilimaliza kwa maneno manne: "Iweke tu mfukoni, bana."

Foleni nisikudanganye, ni ndefu. Ilikuwa Jumamosi, likizo ya shule, na mwezi huo wana Scarefest, msimu wao wa majini na mafuvu. Kibao kilisema dakika 90. Zikaisha 90 na sisi bado tuko mitini. Treni moja inabeba watu 20, kwa hivyo hesabu vichwa vilivyo mbele yako utajua hatima yako. Foleni inajipinda msituni, muziki wa kutisha unanguruma toka vichakani, na hadithi yao ni kwamba kuna makaburi ya kale yamefukuliwa huko mbele na vilivyokuwa ndani vimetoka. Eneo lile mitambo hairuhusiwi kupita vilele vya miti, kwa hivyo treni yenyewe huioni sana, unasikia tu mayowe. Kijana mmoja mbele yangu alikuwa anatetemeka kwa hadithi. Mimi natetemeka kwa baridi. Mtu aliyesubiri feri Likoni saa kumi na moja jioni, mkokoteni wa mtu ukimgonga visigino, hatishwi na foleni.

Baridi ndiyo ilonimaliza. Nilikuja na sweta la Mombasa, lile la mvua ya Mei. Mtoto wa ami akanionea huruma, akanipa jaketi lake la kijani la zamani. Jaketi zito, zuri, lina mifuko miwili mipana kama ya muuza njugu, haina zipu, haina kifungo, midomo wazi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Habari ya simu hawakuisema kwa sababu hawakuwa nayo.

Tukafika stesheni. Mhudumu, msichana mpole, akawa anapita kila safu akisema mifuko iwe mitupu, vya mkononi viwekwe pembeni. Akaniangalia mimi hasa, maana foleni nzima nilikuwa na simu usoni: mara napiga picha miti, mara naangalia programu yao ya muda wa foleni, mara najibu wateja wa duka. Nikamgeukia mtoto wa ami. Akanyanyua mabega. "Nimepanda hii mara tano." Basi nikaitia mfuko wa kulia, nikaipigapiga kwa juu, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mpaka leo nausikia ule mpigo kiganjani.

Chuma cha mapajani kikashuka, kikabana pindo la jaketi, na mfuko ukabinuka nje kama mdomo wa samaki. Niliona. Wallahi niliona. Lakini treni ishaondoka, na mimi najipa moyo: kilomita 68 kwa saa ni mwendo gani? Matatu ya Mtwapa inapita hapo, tena ina trei za mayai juu.

Ilitokea wapi hasa siwezi kuapa, ila nadhani ni vile vilima vya nje, mwanzo mwanzo. Watu wanadhani kitu kinadondoka pale treni inaposhuka kwa kasi. Sivyo. Ni pale juu, inapovuka mgongo wa kilima: gari lishaanza kushuka, mwili wako bado unapanda. Kwa nusu sekunde huna uzito. Matako yanaachana na kiti, tumbo linakuja kooni, na chuma kinakuzuia wewe. Simu haina chuma. Haianguki hata, inaelea tu kama puto, kisha wewe na mfuko wako mnaondoka, mnaiacha hewani. Mimi nimekulia bembea za Idi pale Makadara. Hela za Idi zikidondoka unashuka unaokota, na ukikaa vibaya unaokota na za wenzio. Huku hakuna kushuka ukaokota.

Na sikuwa na habari! Treni ikapanda ikaingia jumba la giza, ikasimama. Kimya. Mke wangu akaniuliza, "Imekufa?" Kabla sijajibu kitu kikagutuka chini yetu, halafu reli yenyewe ikaanguka nasi, treni nzima, wima, karibu mita 5. Walijitangaza kuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Samahani kama nimekuharibia, bora niharibu mshangao wako kuliko uharibu simu yako. Kisha ikatutoa kinyumenyume, na hapo nilipiga ukelele ambao mke wangu anauigiza hadi leo mbele ya wakwe.

Ukitoka kuna skrini za picha walizokupiga ukiwa juu. Mke wangu katulia, kama yuko kwenye tuktuk anarudi Marikiti. Mimi mdomo wazi, macho nimefumba, nimeshika kila kitu isipokuwa mfuko. Picha wanaziuza. Nikasema mimi mtoto wa Mombasa nilipie picha, na skrini ile pale bure? Nitaipiga picha hiyo picha. Nikatia mkono mfukoni. Mkono ukaenda, ukaenda, ukafika kwenye bitana. Mlikuwa na ganda la pipi, tena la mtoto wa ami.

Mke wangu akanipigia kwa simu yake. Yake ilikuwa salama kwa mke wa mtoto wa ami, aliyebaki benchi na mtoto mchanga. Inaita. Hicho ndicho kilichoniumiza, ilikuwa inaita! Tumesimama uzioni watu wazima wanne tunatega masikio, na kila tukidhani tumesikia mlio, treni inapita na mayowe yake. Wahudumu hawakunikosea kitu. Walinijazisha fomu ya vilivyopotea, wakanieleza kwamba chini ya reli haingiwi treni zikitembea, hutafutwa baada ya kufunga. Yule msichana mpole akapita karibu yetu. Akaniona. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Usidhani nalilia kifaa. Ndani ya ile simu mlikuwa na mimi mzima. Laini ya M-Pesa. Madeni ya wateja, ambayo nilikuwa nimeyahamishia humo kwa sababu kijana wangu aliniambia daftari ni ushamba (naye tutakuja kusemezana). Tiketi ya kurudi. Kadi ya benki ilikuwa mfuko wa suruali, salama salimini, lakini ikageuka kipande cha plastiki tu: kila nikitaka kulipia kitu mtandaoni, benki inatuma namba kwenye laini, na laini iko chini ya mti Staffordshire inapokea ujumbe peke yake. Jumanne dukani akaja mtu wa breki pedi anataka chake. Hela ziko kwenye laini. Kijana wa duka akapiga, akapiga, ikawa sasa haiiti tena, betri ishakufa. Mtu wa breki pedi akaondoka na maboksi yake, na ile bei aliyokuwa ananipa sijaipata tena.

Laini ilibidi ningoje nirudi Mombasa, nisimame mwenyewe na kitambulisho, foleni nyingine hiyo. Siku 6 nikaishi kwa hela za nani? Za mtoto wa ami! Yule yule. Akawa ananikopesha pauni ishirini ishirini kama mtoto wa chuo, na anaandika. Tulipokuja kuzigeuza shilingi, kiwango alichonipigia sijakiona benki wala kwa wabadilishaji wa vichochoroni. Nikamuuliza, akanambia ni "gharama za usumbufu." Usumbufu, bana. Nani kamsumbua nani? Na simu ilipookotwa ikatumwa kwake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, unajua aliniandikia nini? "Umeona, haikupotea."

Kwa hivyo nisikilize: mfuko uwe mtupu KABLA hujaingia foleni. Si stesheni. Stesheni umeshangoja saa mbili, watu wako mgongoni, chuma kinakusubiri, akili ishatangulia kwenye treni. Hapo mtu anatia kitu popote. Fanya mkiwa bado mnaona mwanga. Geuza mifuko nje kama askari wa bandarini anakukagua: simu, funguo, pochi, miwani ya jua, vyote vimfikie mtu ambaye hapandi. Mkipanda wote, kuna makabati ya kukodi pale langoni, lipa. Ukishindwa kabisa kukaa saa mbili bila simu, nunua pochi ya kiunoni yenye zipu, ivae chini ya nguo, ndani ya fulana, na kwenye ngazi ya mwisho simu iingie humo na zipu ifungwe na mtu mwingine akushuhudie, kama nikahi.

Na hiyo ya kushika mkononi ndiyo mbaya zaidi kuliko yangu. Mkono ukishtuka unafunguka wenyewe. Ya kwangu iliangukia mti. Ya kwako itarudi nyuma, na nyuma yako kuna mtu mwenye meno. Hiyo video nani ataiangalia hata? Giza na mayowe. Nikuletee bure nikiwa Likoni stima zikipotea.

Buibui: mke wangu alivaa suruali na shati refu, mtandio akauchomeka ndani ya koti, na pini zote akazitoa akampa yule wa benchi. Pini! Mwanamke alivua pini tatu kwa sababu kibao kimesema vitu vidogo, mimi pembeni yake nikapanda na kitu cha elfu arobaini kwa sababu mtoto wa ami kanyanyua mabega.

Na mtoto wako akikosa hiyo mita 1.2 usihuzunike, umepata kabati lisilo na kodi. Waulize wahudumu utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwingine anakaa na mtoto, kisha mnabadilishana bila kuanza foleni upya. Simu zote anashika aliyekaa. Mkibadilishana watu, mnabadilishana na simu, hapo hapo, kabla ya salamu.

Sasa na wewe nijibu. Huyo jamaa wa huko aliyekwambia haina shida, anakaa Leicester? Amepanda mara tano? Ana jaketi la kijani?