Kuhusu shanga za nusu bei

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mbona bado nang'ang'ania shanga za kioo za Cheki, kule Ulaya, ilhali Nairobi umeziona za China kwa nusu bei na rangi ni zilezile. Nimelilalia swali lako siku tatu, kwa kuwa wewe ndiye unayeshika daftari letu.

Ulipokuwa bado shuleni, nilizinunua hizo za bei ya chini. Tulikuwa na oda ya kosi 40, zile pana za shingoni. Shangazi zako waliketi chini ya mgunga, na kazi ikaanza kwa kuchambua: hii nene, hii nyembamba, hii haina hata tundu. Wewe unajua ukosi hushonwa safu juu ya safu. Shanga moja nene humsukuma jirani yake, na ukifika safu ya kumi, ukosi hauwezi tena kulala bapa. Tukafumua. Ukosi wa siku mbili ukala siku tano, malipo yaleyale. Nusu bei niliyookoa niliitoa machoni mwa shangazi zako, na hilo bado linaniuma. Kisha mteja akarudisha zake: nyekundu ilikuwa imepakwa tu juu, jasho likaivua.

Za Cheki zinatoka mji wa Jablonec, na rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Ukosi wa arusi wa koko yako, bibi yako, umebadilishwa ngozi mara mbili, lakini shanga ni zilezile. Nyekundu yake ni ya damu na ushujaa, bluu ni mbingu iletayo mvua, nyeupe ni maziwa. Rangi ikichujuka, utamsomea nini bibi arusi?

Wala sisemi kwamba kioo hiki ni cha mababu. Hakijawahi kutengenezwa Umasaini. Kilipanda na misafara kutoka pwani, na kabla yake wanawake wetu walipambia mbegu, mifupa na nyaya za chuma. Kilicho chetu ni mkono. Basi usiuchoshe mkono kwa kitu kibovu.

Kwa vishikio vya funguo, sawa, nunua hizo za China. Ila mwambie mteja ni zipi, na bei ishuke.

Jumamosi ukitoka sokoni niletee vitita vitatu vya bluu, na sindano nyembamba. Zilizobaki zimepinda.

Mama yako