Jicho jekundu lisilo na tongotongo: usikimbilie dawa ya matone yoyote tu

Jicho linalowasha, likaamka limegandana kwa tongotongo, kwa kawaida lina maambukizi ya utando wa nje, na mara nyingi hupona bila kuacha alama. Jicho jekundu lisilo na tongotongo, lenye maumivu mazito ya ndani na lisilovumilia mwanga, ni jambo jingine kabisa. Huenda ni uveitisi: mchochota (uvimbe na wekundu) wa uvea, tabaka la katikati linalobeba irisi (sehemu yenye rangi), misuli inayoishika lenzi, na koroidi, utando wa mishipa ya damu unaoilisha retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha.

Tazama wekundu umekaa wapi. Katika uveitisi ya mbele hukolea kuzunguka konea (kioo cha mbele cha jicho), katikati ya jicho, si karibu na kope. Mboni huweza kuwa ndogo kuliko ya jicho la pili, au ikapoteza umbo lake la duara. Funika jicho linaloumwa, kisha mulika lile zima: mboni zote mbili husinyaa pamoja, kwa hiyo jicho lililofunikwa likiuma, irisi yake inawezekana imevimba. Lisipouma, bado usijipe uhakika. Uveitisi ya nyuma mara nyingi haiumi wala haileti wekundu. Huleta ukungu na vidoa vinavyoelea. Watoto wenye baridi yabisi wako hatarini zaidi, kwa sababu jicho lao huharibika kimyakimya likiwa jeupe. Hao hupimwa kwa ratiba, wengine kila miezi 3, hata kama hawalalamiki.

Ukiwa na maumivu, mwanga unakuumiza na uoni umepungua, onana na daktari wa macho ndani ya saa 24. Vua lenzi za kuvaa jichoni. Usitumie matone ya steroidi (dawa ya kutuliza mchochota) yaliyobaki kwa jirani: kama chanzo ni kidonda cha virusi vya hepesi kwenye konea, steroidi pekee huweza kukichimba zaidi. Ndiyo maana ni lazima upimwe kwanza kwa darubini yenye mwale mwembamba wa mwanga, inayoonyesha chembe nyeupe za damu zikielea mbele ya irisi. Daktari pia atapima presha ya jicho, na atakutia dawa ya kupanua mboni ili aione retina.

Matibabu ya uveitisi ya mbele kwa kawaida ni matone ya steroidi iitwayo prednisoloni asetati ya asilimia 1, mwanzoni hata kila saa moja ukiwa macho. Tikisa chupa vizuri kila mara, kwani dawa hutuama chini. Usipotikisa unajidondoshea maji tu. Hufuatana na siklopentoleti au atropini, inayotuliza misuli na kuizuia irisi isigande kwenye lenzi. Uoni wa karibu utafifia kwa muda. Acha dakika 5 kati ya dawa moja na nyingine, na bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Maumivu huisha siku chache tu, chupa inawekwa kando, na mchochota unarudi kwa nguvu. Steroidi hupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa, kwa ratiba ya daktari. Upande wa pili, kuitumia miezi na miezi bila kupimwa huleta glakoma (presha ya jicho inayoharibu mshipa wa kuona) na mtoto wa jicho. Omba presha ya jicho ipimwe katika kila ziara.

Kama tatizo linajirudia, limeshika macho yote mawili au liko nyuma ya jicho, omba rufaa kwa bingwa wa uveitisi. Mweleze kila kitu, hata usichodhani kinahusiana: mgongo unaokakamaa asubuhi, vidonda vya mdomoni au sehemu za siri, vipele, kikohozi kisichokwisha. Kifua kikuu, kaswende, toksoplasmosisi (maambukizi ya vimelea) na sarkoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya mchochota mwilini) huweza kujitokeza jichoni, ingawa kwa wagonjwa wengi chanzo hakipatikani.

Anayehitaji tiba ya muda mrefu huweza kupewa methotreksati, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, inayomezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua, kwa hiyo andika siku yake kwenye pakiti. Vipimo vya damu na ini ni vya lazima, na mwanamke anayepanga ujauzito amwambie daktari kabla hajaanza. Adalimumabu, dawa ya sindano inayopunguza kinga ya mwili, ni hatua inayoweza kufuata, lakini kifua kikuu kilichojificha hutafutwa kwanza, kwa sababu sindano hizo huweza kukiamsha.