Maji ya Udhu Katika Msitu wa Redwood

SWALI: Mwanangu anaishi California, Marekani, na nitakapomtembelea mwezi wa Agosti anataka tukalale siku kadhaa msituni, ndani ya gari lenye vitanda, jiko na choo. Maji ya kupikia na ya udhu tutayapata wapi, na je, simu itashika nikitaka kuzungumza na walio nyumbani?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Mama yetu, safari hii usiikatae, ila mwanao ajue kwamba kambi za Hifadhi ya Taifa ya Redwood, iliyoanzishwa mwaka 1968 kaskazini mwa California, hazina mahali pa kuunganisha gari na umeme wala bomba, kwa hiyo mtategemea matangi na betri za gari lenyewe. Tangi lijazwe kabla hamjaingia msituni, na lile la maji machafu liangaliwe kila siku, kwani hujaa upesi bomba likiachwa wazi. Kwa udhu, tia maji kwenye kopo badala ya kusimama penye sinki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, nacho kinatosha kabisa.

Umeme wa sola usiutegemee, kwa kuwa miti ile ya redwood, ambayo mingine hupita mita 100, ina kivuli kizito, na jenereta huruhusiwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku tu.

Ninalokusisitizia zaidi ni baridi. Wakati huo wa kiangazi, ukungu wa Bahari ya Pasifiki huingia msituni na kuinywesha miti, matone yakidondoka matawini kana kwamba mvua inanyesha, na usiku joto laweza kushuka chini ya digrii 10. Leso na buibui havitoshi. Chukua sweta nzito na soksi za sufu. Tafadhali, msiote moto wa jiko la gesi mkiwa mmefunga madirisha, maana hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Chakula nacho kisiachwe nje, hata vichwa vya samaki, kwa sababu ya dubu weusi.

Simu hushika kwa nadra, basi wapigie walio nyumbani mkiwa katika mji wa Eureka au wa Crescent City, uwaambie siku mtakayotoka. Nafasi za kambi huwekwa hadi miezi 6 kabla, na Agosti hujaa, hivyo mwanao asingoje ufike ndipo aanze kutafuta.